Babu Alitoka Kijiji Gani? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wazee Waliohamia Pwani ya Afrika Mashariki

Ukurasa huu ni wa wale ambao babu au bibi yao alifika Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa au Dar es Salaam kutoka ng'ambo: Hadhramaut ya Yemen, Oman, Makran, Kachchh, Gujarat, Punjab, Goa, Ngazija. Wengi wanaouliza tayari wanaijua nchi. Wanachokosa ni kijiji, na bila kijiji nyaraka za huko hazimfungukii mtu. Majibu mengi hapa chini yanalizunguka jambo hilo hilo.

Nianzie wapi, huko walikotoka au huku?

Huku. Anayekimbilia Maskati akiwa na jina la Salim bin Said peke yake atarudi mikono mitupu, maana wenye jina hilo hawana idadi. Nyaraka za ndoa, mali na kifo ndizo zinazotaja kwao mtu, na mzee aliyezikwa Pemba ameacha nyaraka hizo Pemba.

Kaa na wazee kwanza. Ukimwuliza shangazi "tulitoka wapi?" atakujibu "Uarabuni" au "Bara Hindi", na mazungumzo yataishia hapo. Uliza mambo madogo. Babu alikuwa akimtumia nani pesa? Barua zilipitia duka la nani? Mama yake alipofariki, habari ilimfikiaje? Nani alikuja harusini kutoka kwao, akafikia nyumba gani? Jina la mfanyabiashara aliyepokea barua mara nyingi lina thamani kuliko jina la babu mwenyewe, kwa sababu watu wa kijiji kimoja walipenda kutumia mtu mmoja.

Kisha omba kuonyeshwa sanduku: pasipoti kuukuu, risiti, hati ya nyumba, msahafu ambao mtu ameandika tarehe za kuzaliwa watoto ndani ya jalada. Piga picha kila kitu, pande zote mbili, hata bahasha tupu. Muhuri wa posta ni ushahidi.

Hati imeandika "Bombay". Ndiko kwao?

Pengine siko. Karani aliandika alichokijua yeye, yaani bandari. Familia ya Kachchh ilipanda chombo Mandvi, ikabadilisha Bombay, ikaandikwa Bombay. Mpunjabi wa kijiji karibu na Jalandhar aliandikwa Karachi kwa kuwa meli yake iling'oa nanga huko. Watu walioitwa Washihiri hawakutoka wote Shihr. Ile ilikuwa bandari yao, na wengi kwao ni bondeni ndani kabisa, Doan, Shibam, Seiyun au Tarim, mwendo wa siku nyingi kwa ngamia. Mmanga naye, yaani Mwarabu wa Oman, alihesabiwa mtu wa Maskati hata kama kwao ni Ibra au Nizwa.

Kituo cha katikati kinapoteza watu zaidi kuliko bandari. Mwanachuoni Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyekuwa kadhi Unguja na kufariki mwaka 1925, alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861. Anayesoma mahali pa kuzaliwa tu atamwita Mngazija na kufunga faili. Baba yake alitoka Shibam, Hadhramaut. Familia nyingi za masharifu zilipita njia kama hiyo, zikikaa kizazi au viwili Ngazija, Pate au Lamu kabla ya kufika zilipo leo. Kwa hiyo ukipata mahali, jiulize: ni pa kuzaliwa, pa kupandia chombo, au pa ukoo? Viandike vitatu mbalimbali, usivichanganye.

Jina la ukoo halitoshi?

Kwa Waomani linasaidia sana, kwa sababu makabila yana makao yanayojulikana. Harthi na Barwani, tazama Ibra na upande wa Sharqiyya. Riyami, tazama Jabal Akhdar. Kharusi, bonde la Bani Kharus. Mazrui, ambao walitawala Mombasa hadi 1837, tazama Rustaq. Lakini hilo ni eneo tu, na katika eneo hilo kuna vijiji tele.

Kwa Wahadhrami, majina yanayoanza na Ba yanakupa dalili ya Hadhramaut mara moja, na baadhi yanakwenda mbali zaidi: Bawazir anapaswa kuulizia Ghayl Ba Wazir, Amoudi aulizie Doan. Bulushi ni suala la Makran, pwani ya Iran na Pakistan, na hapo kumbuka kwamba Gwadar ilikuwa ya Oman hadi 1958. Ndiyo maana mzee mmoja anaweza kuonekana kwenye karatasi moja kama mtu wa Maskati na kwenye nyingine kama mtu wa Pakistan, na zote zikawa za kweli.

Kwa Wakhoja na wengine wa Gujarat, jihadharini. Jina la mwisho mara nyingi lilikuwa jina la baba. Nanji Hirji ni Nanji mwana wa Hirji, na mwanawe ataandikwa Lalji Nanji. Anayetafuta "ukoo wa Hirji" kurudi nyuma miaka 100 anatafuta kitu ambacho hakikuwapo.

Kuna orodha za abiria wa majahazi?

Kwa karne ya 19, usitegemee. Jahazi lilishuka na kaskazi, kati ya Desemba na Machi, likarudi na kusi, na aliyeshuka alishuka.

Meli za moshi zilikuwa na orodha, lakini watu wanatafuta pasipo. Zile orodha maarufu za abiria zilizoko Kew, Uingereza, zinazoonekana kwenye tovuti za kulipia, ni za safari ndefu zilizoanzia au kuishia bandari za Uingereza, za kuingia tangu 1878 na za kutoka tangu 1890, zote hadi 1960. Meli ya Bombay kwenda Mombasa haimo. Ukimtafuta babu humo na usimwone, haina maana kwamba hakusafiri.

Kumbukumbu ya jina la meli bado ina faida. Mzee akisema alikuja na Karanja, mwulize kama ni kabla ya Vita Kuu ya Pili au baada. Karanja ya kwanza ilizamishwa 1942 pwani ya Algeria, na ya pili, ya kampuni ile ile ya British India, ilianza kazi 1948. Hapo umeshapata muongo.

Basi nyaraka zipi za huku zinataja kijiji?

Nikilazimika kuchagua moja, ni mirathi. Mtu akifa ameacha mali, kadhi au mahakama lazima ijue warithi wote, walio hapa na walio ng'ambo. Mke aliyeachwa Tarim, mama aliye hai Ibra, ndugu wa baba aliye Mandvi, wote wana mafungu yao, na fungu haliwezi kupelekwa "Uarabuni". Ndipo kijiji kinapoandikwa, pamoja na majina ya watu ambao familia ya huku ilikuwa imeshawasahau. Faili la mirathi la shilingi chache linaweza kukupa zaidi ya shajara, yaani mti wa nasaba, ya ukutani. Kwa Unguja na Pemba, anzia Nyaraka za Taifa Zanzibar, zilizoko Kilimani, ambako kuna kumbukumbu za mahakama, za Kamisheni ya Wakfu na za ubalozi mdogo wa Uingereza. Kwa Tanzania Bara, mambo ya mirathi iliyosimamiwa na serikali ni ya Kabidhi Wasii Mkuu, ambaye siku hizi yuko chini ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Kwa Kenya, tafuta tangazo kabla ya kutafuta faili. Gazeti rasmi la serikali lilichapisha matangazo ya mali za marehemu, leseni na maombi ya uraia, na matoleo yake tangu 1899 yanasomeka bure Google Books. Andika jina kwa tahajia tano tofauti: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Mahomed, Mohamad. Makarani waliandika walivyosikia.

Wakfu unafuata. Aliyewakifu shamba la mikarafuu alitaja watakaonufaika, kizazi baada ya kizazi, na wapo waliowakifia misikiti ya kwao Oman. Aliyeandika jina la msikiti ameandika na jina la kijiji.

Ardhi ya pwani ya Kenya ina hazina yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye mashamba na viwanja katika mwambao walete madai yao, na madai hayo yalihitaji maelezo: nani alimrithi nani, nani alimuuzia nani. Ukiwa Nairobi, waulize Nyaraka za Taifa, pale Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la Bank of India. Nenda na jina la mtaa au shamba, si la mtu tu.

Kwa Wagoa, nenda parokiani. Kanisa Katoliki haliozeshi bila cheti cha ubatizo, kwa hiyo daftari la ndoa la Nairobi, Mombasa au Unguja mara nyingi linataja parokia ya Goa alikobatizwa bwana harusi. Ndoa nayo hurudishiwa taarifa kwenye parokia hiyo, ikaandikwa pembeni ya jina lake. Anayetafuta kutoka upande wa Goa anaweza kukuta "Nairobi" pembeni ya ubatizo wa mwaka 1900 na kitu. Sijui nyaraka nyingine yoyote inayounganisha pande mbili za bahari vizuri hivyo.

Baada ya uhuru kuna maombi ya uraia. Kenya iliwapa wasiokuwa raia moja kwa moja miaka miwili, hadi Desemba 1965, kujiandikisha. Nakala ya fomu aliyojaza baba yako wakati huo inaweza kuwa bado ipo kwenye makaratasi ya nyumbani.

Makaburi: jiwe lenye maandishi ya Kiarabu au Kigujarati hutaja baba, babu na nisba, yaani jina la kabila au la asili, mara chache kijiji. Lipige picha asubuhi mapema, jua likiwa la ubavu, herufi zitajitokeza.

Familia yetu inasema babu alijenga reli. Tutapata jina lake?

Kwanza hakikisheni kama ni kweli. Reli ya Uganda ilianza Mombasa 1896 na kufika ziwani, Kisumu ya leo, 1901. Vibarua wa mkataba kutoka Bara Hindi walikuwa karibu 32,000, wengi wao Wapunjabi. Takriban 2,500 walifariki, takriban 6,700 walibaki mikataba ilipokwisha, na wengine karibu wote walirudi kwao. Wahindi wengi wa Afrika Mashariki, hasa Wagujarati, wametokana na watu waliokuja kwa nauli yao wenyewe, wakimfuata mjomba mwenye duka. Hadithi ya reli imependwa kwa sababu ina simba wa Tsavo ndani yake. Kama babu alikuwa Mgujarati wa duka, mtafute kwenye leseni za biashara na mirathi.

Msichanganye pia na madaftari ya Natal na Mauritius. Ya kule yameandika kijiji, wilaya na jina la baba la kila kibarua, na mengi yanatafutika. Ni ya watu wengine na safari nyingine.

Tarehe kwenye msahafu na kwenye jiwe zinanichanganya.

Mwaka wa Hijra ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo kutoa au kuongeza namba moja tu hakutoshi. Shikilia nguzo mbili: 1300 H ilianza Novemba 1882, na 1318 H ilianza Mei 1900. Umri nao hubadilika. Aliyesemwa amefariki na miaka 100 ya Hijra alikuwa na 97.

Madaftari ya Wagujarati yanatumia Vikram Samvat. Toa 57 au 56. Samvat 1950 ilianza baada ya Diwali ya 1893, ikaendelea hadi 1894.

Tuna shajara ukutani. Si imeshamaliza kazi?

Imefanya nusu ya kazi, na nusu yenyewe ni ile ya mbali. Shajara za Masayyid wa Hadhramaut hupanda hadi Ahmad bin Isa al-Muhajir, aliyefika huko kutoka Basra katika karne ya 10, na sehemu ya juu imehifadhiwa vizuri na wanavyuoni kwa karne nyingi. Matatizo huwa chini, kwenye vizazi vinne au vitano vya mwisho, pale mtu alipovuka bahari na jina lake likaongezwa na mjukuu aliyesikia kwa mjomba.

Hesabu vizazi. Vitatu hivi kwa kila miaka 100 ni kipimo cha kawaida. Shajara yenye watu 12 tu kati ya babu yako na al-Muhajir imeruka watu. Halafu ilinganishe na ya binamu walio kwingine. Wahadhrami walikwenda Java na India kama walivyokuja Lamu, na Rabithah Alawiyah ya Jakarta, iliyoanzishwa 1928, inaweka sajili ya nasaba za Masayyid. Jambo la ajabu kidogo, lakini tawi la Tarim lililopotea Mombasa huweza kuonekana Indonesia.

Na upande wa bibi?

Shajara haitamtaja. Wanaume wengi walikuja peke yao, wakaoa huku, na nusu ya asili yako iko kwa wanawake hao: Waswahili wa mji, Wangazija, Wazaramo, Wadigo, na wengine wengi. Rudi kwenye mirathi na wakfu, ambako sheria inalazimisha wake na mabinti watajwe kwa majina na mafungu yao. Na kwa Wangazija, usipuuze swali la ukoo wa mama. Kwao nasaba na nyumba hupita kwa mama, na bibi atakutajia hinya yake, yaani ukoo wa mama, bila kusita.

Tuna jina la kabila la Oman, lakini wazee wananong'ona kwamba babu alikuwa mtumwa. Tufanyeje?

Msikimbie. Walioachwa huru mara nyingi walibaki na jina la kabila la bwana wao, kwa hiyo nisba peke yake haithibitishi damu. Babu huyo naye alihamishwa, ila kwa nguvu, na alikuwa na kwao.

Nyaraka zipo. Rigby, balozi mdogo wa Uingereza, alipowaacha huru watumwa waliomilikiwa na Wahindi wa Unguja mwaka 1860, majina yaliorodheshwa. Soko la watumwa lilifungwa 1873 na utumwa ukapigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba 1897, na mahakama zikatoa hati za uhuru. Misheni zina madaftari ya ubatizo: Bagamoyo tangu 1868, Mbweni, na Frere Town ya Mombasa tangu 1875. Walioletwa Frere Town kutoka Nasik, India, waliitwa Waafrika wa Bombay, na hapo jina la bandari linapotosha kwa mara nyingine: walikuwa watu wa Afrika waliokombolewa baharini na kulelewa India.

Kabila lililoandikwa nalo ni pana. "Mnyasa" ni mtu yeyote wa upande wa Ziwa Nyasa. "Mmanyema" ni wa magharibi ya Ziwa Tanganyika. Litumieni kama eneo la kuanzia, na lisomwe pamoja na jina la nyumbani, chale na nyimbo ambazo familia inakumbuka. Na mambo haya yazungumzwe na wazee faragha kwanza, kabla hayajawekwa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Nimeshapata kijiji. Sasa?

Sasa milango inafunguka, kila mmoja kwa ufunguo wake. Haridwar, India, makuhani waitwao panda wana madaftari ya nasaba za Wahindu na Masingasinga wengi, yaliyopangwa kwa wilaya, kijiji na tabaka. Mengi yamepigwa picha na FamilySearch, tovuti ya nasaba ambayo ni bure. Ukifika kwa panda bila jina la kijiji hatajua akupeleke wapi. Punjab, kwa Wahindu, Masingasinga na Waislamu pia, karani wa ardhi wa kijiji alitunza shajra nasb, mti wa wenye mashamba, ila angalia kama kijiji kiko India au Pakistan baada ya 1947. Goa kuna parokia na hifadhi ya nyaraka ya serikali Panaji, nyingi kwa Kireno. Oman, Mamlaka ya Nyaraka na Kumbukumbu za Taifa hukusanya pia hati za Waomani wa Afrika Mashariki, kwa hiyo ukienda kuuliza wanaweza kukuomba uwaonyeshe za kwako.

Hadhramaut ni kugumu kwa sasa kwa sababu ya vita. Fanya kazi kwa simu na jamaa, na kumbuka Aden ilitawaliwa kutoka India hadi 1937. Kumbukumbu zake nyingi ziko British Library, London, kwenye nyaraka za India Office. Pasipoti ya zamani ikiwa imetolewa na mmoja wa masultani wa Hadhramaut, wa Qu'aiti au wa Kathiri, umeshapunguza msako kwa nusu.

Kipimo cha DNA hakiwezi kuniambia haraka?

Kitakuambia bara, pengine pembe ya bara, hakitakuambia kijiji. Utafiti uliochapishwa 2023 kwenye jarida la Nature ulichunguza mabaki ya watu 80 wa zamani, wengi wao wa miji ya pwani yetu, ukakuta mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000: asili ya Kiafrika, iliyopitia zaidi kwa wanawake, na ya Kiajemi, iliyopitia zaidi kwa wanaume. Uarabu uliongezeka karne za baadaye. Maana yake, mtu wa pwani akionekana na asilimia fulani ya Asia, asilimia hiyo inaweza kuwa ya babu wa 1920 au ya watu wa Kilwa wa kale, na kipimo cha nyumbani hakitenganishi vizuri.

Kinachofaa ni orodha ya jamaa ambao DNA yao imelingana na yako, hasa binamu wa pili aliyeko Oman au Leicester mwenye karatasi usizonazo. Soma masharti kabla ya kutema mate. Kampuni ya 23andMe ilivujiwa na data 2023 na kuomba kinga ya kufilisika 2025.

Familia iliondoka Unguja 1964, au Uganda 1972. Tuko Toronto. Tunaweza kuanza bila kusafiri?

Mnaweza. Waliofukuzwa na Idi Amin walipewa siku 90, kwa hiyo nyaraka za nyumbani zilibaki, lakini za nchi zilizowapokea zipo: makaratasi ya uhamiaji ya Kanada na Uingereza yaliuliza mahali pa kuzaliwa. Ombeni mafaili ya wazazi wenu kwa majina yenu kama watoto wao. Wakati mnasubiri, someni Kenya Gazette, tafuteni FamilySearch, na mpigieni simu yule mwanamke mzee wa ukoo ambaye kila harusi ndiye anayejua nani akae na nani. Mpigieni mchana wa kwake, si wenu.